GB 5 zisizo na kazi: kisa cha simu ya mnunuzi wa dagaa, Mwaloni

Simu ilipofika mikononi mwangu ilikuwa nzima kwa macho. Kioo hakina ufa, chaji inaingia, kamera inapiga, Wi-Fi inashika. Kilichokosekana ni mtandao wa simu tu. Laini zote mbili zimo, lakini hakuna inayosoma. Ukibonyeza *#06#, pale zinapotakiwa kutokea namba mbili za IMEI, yaani namba za kuitambulisha simu yenyewe, panatokea taarifa kwamba ni batili. Na ukifungua orodha ya Wi-Fi, katikati ya majina ya majirani unaona mtandao ambao haupo popote: NVRAM WARNING: Err = 0x10. Kwa aliyezoea simu zenye chipu ya MediaTek, mstari huo peke yake unaeleza nusu ya kisa.

Mwenye simu ni mama anayenunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Watu wake wako visiwani, Ukerewe na Ukara. Bei inakubaliwa kwa simu kabla mzigo haujapakiwa, na malipo yanakwenda kwa simu hiyohiyo. Alikuwa ameazima kiswaswadu cha jirani na kuhamishia laini moja, na ile nyingine ya wateja wa jumla ikawa mfukoni tu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamenifungia kama ile ya 2016?"

Si swali la kijinga. Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima, na wengi waliamka na simu zisizopiga wala kupokea. Lakini dalili ni tofauti. Simu iliyofungiwa bado inajua namba yake: ukibonyeza *#06# inakuonesha, ila mtandao ndio unaoikataa. Hii ya mama ilikuwa haijijui. Tatizo lilikuwa ndani ya simu, na lilikuwa limetengenezwa nyumbani, sebuleni kwake.

Mtoto wa dada yake anasoma chuo kimoja Nyegezi, na ndiye fundi wa ukoo. Simu ilikuwa imejaa programu za kiwandani zisizofutika, matangazo yanarukia kioo katikati ya maongezi, na nafasi imebaki kiduchu. Kijana akamwambia, "Mama mdogo, niachie wikiendi hii, nitakuwekea mfumo mwepesi." Alichokusudia ni GSI, yaani mfumo wa Android wa jumla unaoweza kukaa kwenye simu za watengenezaji mbalimbali. Jambo hilo liliwezekana kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, pale Google ilipotenganisha mfumo wenyewe na sehemu za mtengenezaji wa simu. Mpango haukuwa mbaya. Tena kijana alikuwa na adabu ya kazi kuliko mafundi wengi ninaowafahamu, kwa sababu kabla ya kugusa kitu chochote alichukua bekapu.

Alichukua mbili, na hapo ndipo penye kisa.

Ya kwanza aliifanya kwa mtkclient, programu ya kompyuta inayoongea na chipu ya MediaTek kabla Android haijaamka: simu imezimwa, unashikilia vitufe vya sauti, unachomeka kebo. Aliiamuru isome patisheni zote, yaani vyumba vya hifadhi ya simu, moja baada ya nyingine. Ikiwa njiani umeme ukakatika. Laptop yake haina betri inayofaa tangu zamani, ikazima palepale. Umeme uliporudi alikuta folda yenye mafaili madogo mengi na moja kubwa ambalo halijakamilika. Akaliona jaribio zima ni bovu, akaliacha kwenye Downloads na kuanza upya.

Safari ya pili hakutaka kungoja tena. Akachagua kwa mkono tatu tu: boot ya kuwashia mfumo, vbmeta ya kukagua saini zake, na super, ile patisheni kubwa inayobeba mfumo wenyewe katika simu zilizotoka na Android 10 kwenda mbele. Jumla ikawa karibu GB 5. Ilisomwa yote bila kosa. Akainakili kwenye flashi, akaandika juu yake kwa kalamu "SIMU YA MAMA – ORIJINO", na kwa dhamiri safi akafungua butiloda, ile kufuli ya kiwandani inayozuia kuweka mfumo mwingine. Picha, majina na meseji alikuwa ameshazitoa, maana alijua kufungua butiloda kunafuta kila kitu cha mtumiaji.

GSI iliingia lakini haikuwaka. Nembo inatokea, inapotea, inatokea tena. Sababu ilikuwa ndogo: hakuwa amezima ukaguzi unaofanywa kupitia vbmeta, kwa hiyo simu ilikuta mfumo usiolingana na saini ya kiwandani na kugoma. Amri moja ya fastboot, njia ya kuiamuru simu kwa kompyuta kabla Android haijaamka, ingemaliza. Lakini usiku ulikuwa umekwenda, asubuhi mama anataka simu yake, na kijana akafanya wanachofanya wengi wakishikwa na jasho: akapakua famuwea nzima ya kiwandani (mafaili yote ya mfumo) kutoka mtandaoni, akafungua SP Flash Tool, programu ya kuiandika kwenye simu za MediaTek, na katika chaguo zake tatu akachagua "Format All + Download". Alidhani kufuta kwanza ni usafi. Simu ikawaka na mfumo wake wa zamani, matangazo yake yote yamo, ila laini hazisomi. Akarudisha na ile bekapu ya GB 5 juu yake. Ikarudi sawasawa. Laini bado hazisomi.

Nini kilifutika?

Hifadhi ya simu imegawanywa vyumba vingi, na katika simu hii vilizidi 40. Watu wakisema mfumo orijino huwa wanafikiria chumba kikubwa, super. Humo ni sawa na simu zote za modeli hiyo na toleo hilo. Yangu, yako, na ya mtu wa Lagos hazitofautiani hata herufi. Ndiyo maana mtengenezaji anaweza kuitoa kama faili moja na kila mtu akaipakua.

Kuna vyumba vingine vidogo ambavyo kiwanda kiliviandika mara moja tu, kwa simu hiyo moja tu. Katika MediaTek ni nvram, nvdata, nvcfg, protect1, protect2, proinfo na persist. Humo ndimo zilimo IMEI zote mbili, anwani za Wi-Fi na Bluetooth, namba ya siri ya kutambulisha simu kwa baadhi ya huduma za video, vipimo vya sensa, na muhimu kuliko watu wanavyodhani, vipimo vya redio. Kila bodi ikitoka kiwandani hupimwa nguvu inayotoa na inayopokea katika kila masafa, na tofauti yake ndogo na bodi ya jirani huandikwa. Ni kama mizani za pale Mwaloni: zinafanana kwa sura, lakini kila moja imerekebishwa na kupigwa muhuri peke yake, huwezi kuchukua marekebisho ya hii ukayatia kwenye ile.

Kwa kawaida nvdata ikiharibika simu hujitibu. Ikiwaka, inaijenga upya kutokana na akiba iliyo ndani ya nvram. "Format All" inafuta zote mbili kwa pigo moja, mgonjwa na dawa yake. Na ile famuwea ya mtandaoni haiwezi kurudisha kitu. Ramani yake inazitaja patisheni hizo, lakini haina cha kuweka ndani, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani mwenye yaliyokuwa ndani ya simu ya mama.

Kwa hiyo kijana alihifadhi kwa uangalifu GB 5 ambazo angezipata bure siku yoyote, na akaacha vyumba vidogo ambavyo nakala yake ilikuwa moja tu. Simlaumu sana. Mafunzo mengi ya video yanasema "bekapu romu yako" na kuishia hapo, na ukubwa wa faili unampa mtu utulivu wa bandia.

Waliposhindwa nyumbani walikwenda kwa mafundi wa Makoroboi, mjini. Fundi wa kwanza alisema, "Mama, lete boksi lake, nakuandikia IMEI zilezile, jioni unachukua." Kwa kumtendea haki, hoja yake ina uzito: namba ni ya simu hiyohiyo, haibi ya mtu. Ila kuna mambo mawili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahesabu kuchezea IMEI kuwa kosa, na yule mama hangekuwa na karatasi yoyote ya kueleza kwa nini namba imeandikwa upya kwenye kibanda. La pili ni la kiufundi, na ndilo lililonifanya nimwambie asikubali haraka. Kuandika IMEI kunarudisha namba tu. Vipimo vya redio vinabaki vile vya jumla ambavyo programu inajiwekea ikikuta chumba kitupu. Mjini, chini ya mnara, usingeona tofauti. Ukiwa ndani ya boti kati ya Mwanza na Nansio, ambako mtandao ni wa kubahatisha hata kwa simu nzima, utaiona.

Fundi wa pili alikuwa na wazo baya zaidi, ingawa alilitoa kwa moyo mweupe. Alikuwa na simu ya modeli ileile, kioo kimekufa, akasema atanyonya nvram yake na kuipandikiza. Matokeo yake ni simu mbili zenye IMEI moja, na siku ile nyingine ikitengenezwa na kuuzwa, mama anakuwa mshukiwa wa jambo asilolijua. Vipimo vya redio navyo vinakuwa vya bodi nyingine. Kwenye simu zenye chipu ya Qualcomm wala usingefika mbali, kwani patisheni zinazofanana na hizo husimbwa, yaani hufichwa maana yake, kwa ufunguo wa chipu yenyewe, na modemu inakataa za mgeni.

Walipokuja kwangu sikuitaka simu kwanza. Niliomba laptop. Kijana alishangaa, akaifungua, na katika kusimulia hatua zake akataja kwa kupita ile bekapu "iliyoharibika". Hapo nikamsimamisha.

Programu ile inasoma patisheni kwa kufuata mpangilio wa jedwali lake, kuanzia mwanzo wa hifadhi. Katika simu hii, kama ilivyo katika nyingi za MediaTek, vyumba vidogo viko mwanzoni, na super na userdata, chumba cha vitu vya mtumiaji, ziko mwishoni. Umeme ulikatika wakati super inasomwa. Maana yake vyote vilivyotangulia vilikuwa vimeshaandikwa kwenye diski. Tulifungua folda: nvcfg ipo, nvdata ipo, MB 64, protect1 na protect2 zipo, persist ipo, proinfo MB 3, nvram MB 64. Zote saba kwa pamoja hazikufika MB 250. Bekapu iliyotupwa ndiyo iliyokuwa na kila kitu, na ile iliyofungwa kwenye flashi kwa heshima haikuwa na chochote.

Kuwepo kwa faili si ushahidi kwamba lina kitu, hasa baada ya kompyuta kuzima ghafla. Faili linaweza kuwa na ukubwa kamili na ndani likawa sifuri tupu. Kwa hiyo tulikagua. Proinfo ni rahisi: ukiifungua kwa programu ya kuonesha baiti, mwanzoni kabisa unaona namba ya mfululizo ya simu kwa herufi zinazosomeka. Ililingana na iliyo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Nvdata ni mfumo wa mafaili wa ext4, unafunguka kwenye Linux kama diski ya kawaida, na humo tulikuta folda md, ndani yake NVRAM, ndani yake NVD_IMEI ikiwa na mafaili yake. Nvram haifunguki hivyo, lakini ilikuwa imejaa data, si sifuri.

Kabla ya kuandika chochote tulisoma vyumba hivyohivyo kutoka kwenye simu katika hali yake ya ugonjwa, tukavihifadhi. Inaonekana upuuzi kuhifadhi kitu kibovu, ila ukirudisha nakala isiyo sahihi bila kuwa na mahali pa kurudi, umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kisha tukaandika zile saba. Seccfg, ambayo nayo ilikuwa kwenye folda, tuliiacha makusudi. Hiyo ndiyo inayotunza kama butiloda imefungwa au imefunguliwa, na nakala ya zamani ilikuwa ya "imefungwa". Kuirudisha bila kuhakikisha kwamba kila patisheni nyingine ni ya kiwandani kabisa ni njia fupi ya kupata simu isiyowaka hata nembo.

Ikawaka. *#06# ikatoa namba mbili, sawa na za boksi. Ule mtandao wa uongo kwenye Wi-Fi ukatoweka. Laini zikasoma, meseji zilizokuwa zimekwama zikaanza kumiminika. Mama akatuma IMEI kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, akajibiwa jina la mtengenezaji na modeli kama inavyotakiwa. Akasema, "Asante wanangu," na mkono wa pili tayari unapiga Ukara.

Baada ya hapo kijana aliniuliza mpangilio ambao angepaswa kuufuata, na nilimjibu kwa simu aina zote kwa sababu marafiki zake hawatumii chipu moja. Kwenye MediaTek ni zile saba, zisomwe kabla ya kufungua butiloda. Kwenye Qualcomm tafuta modemst1, modemst2, fsg na persist. Kwenye Samsung ni efs, na huko kuna jambo la ziada: kufungua butiloda na kuweka mfumo usio rasmi huunguza fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, ndani ya chipu, na hiyo haina bekapu, ikishaungua imeungua. Soma kila patisheni mara mbili, ulinganishe SHA-256 ya nakala hizo, ile alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Ila usiiwashe simu katikati ya usomaji wa kwanza na wa pili, maana nvdata hubadilika kidogo kila mfumo unapoamka, na utaona alama tofauti ukadhani kebo ni mbovu.

Usihifadhi bekapu ndani ya simu yenyewe. TWRP, programu ya kuchukua bekapu ndani ya simu, isipoelekezwa vinginevyo huweka nakala kwenye hifadhi ya ndani, mahali palepale panapofutwa. Na userdata usihangaike kuinakili ikiwa mbichi ukidhani umeokoa picha. Data yake imesimbwa, na funguo zake zimefungamana na hali ya butiloda. Ukiifungua, nakala yako inabaki gunia la herufi zisizosomeka. Picha na meseji zitolewe kwa njia ya kawaida, simu ikiwa inawaka.

Nililisisitiza pia hili kwa sababu naliona kila mara kwenye magrupu: mtu anaomba "mwenye nvram ya modeli hii anirushie", na mwingine kwa wema anairusha. Amemrushia IMEI zake. Mafaili hayo yanatunzwa kama unavyotunza kitambulisho.

Swali ambalo halikuulizwa mwanzoni ni kama kuna ulazima wa kufungua butiloda hata kidogo. Malalamiko ya mama yalikuwa matangazo na nafasi. Matangazo yalitoka kwenye programu tatu za kiwandani. Kwa ADB, njia ya kuiamuru simu inayowaka kutoka kwenye kompyuta, bila kufungua kitu na bila kufuta hata picha moja, amri ya pm uninstall yenye --user 0 inaziondoa kwa mtumiaji. Zenyewe zinabaki ndani ya patisheni ya mfumo, haziwaki tena, na ukijuta unazirudisha. Nafasi kwenye hifadhi haiongezeki kwa kiasi cha kusherehekea kwa njia hiyo, nilimwambia hivyo waziwazi, lakini tulipotazama kilichojaza simu kilikuwa video za WhatsApp za magrupu ya wauza dagaa. Zilihamishiwa kwenye memori kadi. Matangazo yakaisha siku hiyo, juu ya mfumo uleule wa kiwandani.

Kilichobaki ni butiloda, ambayo bado iko wazi. Kila akiwasha simu anakutana na maandishi ya "Orange State" kwamba kifaa hakiwezi kuaminika na kitawaka baada ya sekunde 5, na programu ya benki yake imegoma kufunguka kwa sababu hiyo. Miamala anaifanya kwa menyu ya kubonyeza namba, kama zamani. Kuifunga tena kunahitaji kuhakiki kwamba kila patisheni ni ya kiwandani, na kufuta data yote upya, maana kufunga kunafuta kama kufungua. Mama hataki kukaa bila simu wakati huu wa giza, boti zikiwa zinaingia na mzigo kila asubuhi. Wamepatana na kijana kwamba ataifunga mbalamwezi ikitoka, karabai zikiwa zimezimwa na wavuvi wako nchi kavu, na safari hii zile saba ziko kwenye flashi mbili.